Mama Anaitwa Nani Siku Hizi

Cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Nilisimulia kisa hiki kazini, kwenye duka la dawa za mifugo ninakouza hapa Kitengela, na mteja mmoja akaniambia nipunguze kunusa dawa ya kupe. Sikukasirika. Ningeambiwa mimi na mtu mwingine ningesema jua limempiga. Lakini haya yalinipata mwenyewe, macho yangu yakiwa wazi na jua bado liko juu ya vilima, na ng'ombe wa baba yangu ni mashahidi. Au wewe umewahi kuona ng'ombe akidanganya?

Tena nikuambie mapema, kama umekuja kutafuta jini lenye kwato, nenda kwa wengine, wako wengi wenye visa hivyo. Mimi nataka kukusimulia kuhusu kaka yangu Saruni. Hilo jina nimelitaja kwa makusudi, na nitalitaja mara nyingi. Ukinisikiliza mpaka mwisho utajua ni kwa nini.

Saruni alikuwa kifungua mimba. Mimi nikamfuata, na wazazi wakaishia hapo. Baba ni Mmaasai wa Kajiado, mtu wa ng'ombe. Mama ni Mkamba, mtu wa biashara. Shule zikifunguliwa tunakaa na mama mtaa wa Noonkopir, hapa Kitengela, kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya kibanda chake cha mboga. Shule zikifungwa tunapelekwa bomani kwa baba. Kwa hivyo tulilelewa huku na kule, tukajua kukata sukuma wiki na tukajua kukamua.

Na kukata sukuma, wacha nikuambie, hakuna aliyemshinda Saruni. Unajua wateja wa jioni wanavyotaka mboga yao ikatwe hapohapo, wafike nyumbani waipike tu. Mama alikata vizuri, lakini Saruni alikata nyembamba sana, haraka, huku anakuangalia wewe usoni na kukupigia hadithi. Mimi nilikuwa nafumba macho nikingoja kidole kianguke. Wenzake walikuwa wakipita wanamcheka, ati mwanaume mzima na mboga. Anawajibu, nyinyi endeleeni kucheka, lakini mama zenu wote wananijua. Na kweli walimjua. Kulikuwa na wamama wanapita vibanda vingine wanakuja kwetu, wakimkuta ni mama peke yake, wanauliza, "Mama Saruni, kijana yuko wapi leo?"

Hilo ndilo lilikuwa jina la mama. Mama Saruni. Niko na hakika nusu ya Noonkopir hawakujua kwamba ana jina lingine la kitambulisho. Mwenye nyumba alimwita hivyo, pasta alimwita hivyo, watu wa kuleta mboga asubuhi na mapema walimwita hivyo wakiwa bado wako mbali. Na baba naye alikuwa Baba Saruni, hata kwa wazee wenzake kule Kajiado. Ukizaa mtoto wa kwanza, jina lako mwenyewe linawekwa kando, unatembea na la mtoto. Nani hukaa chini akafikiria jambo kama hilo? Sisi hatukufikiria.

Kule Kajiado kaka yangu alikuwa mtu mwingine kabisa. Akishuka tu barabarani anajifunga shuka juu ya sweta ya shule, anachukua fimbo, na kuanzia hapo maji ya kuoga na yeye ni maadui. Baba alimlalamikia mpaka akachoka. Jioni ng'ombe wakirudi, sisi watoto tunaenda kwa baba tunainamisha kichwa, naye anatuwekea kiganja utosini, ndiyo salamu yetu. Baba akimwekea Saruni kiganja anakiangalia, kimejaa vumbi, anasema, "Huyu mtoto haogi." Kila jioni. Na Saruni kila jioni anajibu kwamba maji ni ya ng'ombe.

Ng'ombe aliwapa majina ya ajabu. Kulikuwa na mmoja mweupe anayechechemea mguu wa nyuma, alipenda kutangulia mbele kisha anageuka kuangalia nani anafanya fujo. Saruni akamwita Deputi, kwa sababu alikuwa na tabia zilezile za naibu wa mwalimu mkuu wa shule yao. Baba hakulijua jambo hilo. Alifikiri ni jina zuri la Kizungu, akawa analitumia kwa heshima zote.

Sasa sikiliza vizuri habari ya mluzi, maana hapo ndipo kisa kilipo. Kwenye hodhi la kunyweshea, makundi ya ng'ombe hayaendi yote kwa mara moja. Kila kundi linasimama kando na mchungaji wake. Zamu yenu ikifika, mchungaji anatangulia kwenye hodhi na kupiga mluzi, na ng'ombe wake peke yake ndio wanatoka. Wale wengine hata hawatingishi masikio. Kila mchungaji ana mluzi wake. Wa Saruni ulianza vizuri, ukipanda, halafu mwisho unakatika, kwa sababu alikuwa amevunja kipande cha jino la mbele akifungua soda kwa meno, na upepo ulikuwa unatorokea hapo. Ulikuwa mluzi mbovu, kwa kweli. Lakini Deputi na wenzake waliupenda.

Na kuna sweta. Likizo moja kiwiko cha sweta yake kiliraruka kwenye miiba, nikamshonea mimi. Sweta ilikuwa ya kijani, nami nilikuwa nimebaki na uzi mwekundu tu. Nilifikiri atakataa. Alikunja mkono, akakiangalia kiwiko, akasema sasa ana alama kama ng'ombe, akipotea tutamjua.

Alikuwa kidato cha tatu alipougua. Homa, kichwa, shingo ikakaza, na kabla hatujaelewa tunapambana na nini, alikuwa ametutoka. Miaka kumi na saba. Sitaingia sana hapo, naomba unielewe. Tulimzika Kajiado, nyuma ya boma, na mama akasema avalishwe ile sweta, kwa sababu alikuwa mtu wa kuhisi baridi asubuhi. Mimi mwenyewe nilivuta mkono wake wa kulia nikaona ule uzi mwekundu. Nakuambia haya ili ujue sweta hiyo iko wapi.

Baada ya mazishi baba alituita. Hakuongea sana, baba si wa maneno. Alisema tu kwamba kwao jina la aliyekufa akiwa kijana halitajwi tena, linazikwa naye. Mimi nilikuwa nimewahi kuisikia desturi hiyo na sina neno nayo, kuna familia nyingi zinaishi nayo na zinapona kwa njia hiyo. Lakini kwa kina mama yangu ni kinyume. Kwao aliyekufa anaitwa, anazungumziwa kwenye chakula, na mtoto atakayezaliwa atapewa jina lake ili nyumba isibaki na pengo. Mama alinyamaza. Alimheshimu baba, na nafikiri siku ile hakuna aliyeona neno hilo lingetupeleka wapi.

Lilitupeleka hivi. Jirani zetu Wamaasai pale Noonkopir waliacha kumwita Mama Saruni. Walifanya hivyo kwa huruma, wasimuumize. Wakaanza kumwita kwa jina langu mimi. Wengine wakaiga. Kabla mwaka haujaisha, kila mtu alikuwa anamwita mama wa mimi, na mama akawa haitiki. Unamwita yuko palepale, ameshika kisu, hageuki. Watu wakasema masikio yameanza kumsumbua. Wapi! Masikio yalikuwa mazima. Alikuwa anangoja kuitwa.

Akaacha kukata mboga nyembamba. Akaacha kukata kabisa, akawa anauza majani mazima, mtu akakatie kwake. Mimi nilijaribu kumchekesha, nilijaribu kumwombea, nilijaribu kumkasirisha ili agombe. Hakugomba. Nyumba yetu ilikuwa na kelele sana zamani, na sasa unasikia kijiko kikiwekwa mezani. Niliumia, sitaficha. Nilikuwa nimepoteza kaka, na sasa nilikuwa namwona mama naye akienda polepole.

Kiangazi cha mwaka jana akaniita jikoni, nguo zake zimeshakunjwa kwenye mfuko. Akaniambia anarudi kwao Machakos mwezi ukiisha. Hajagombana na baba, hana mtu mwingine, wala hana hasira. Alisema tu, "Kule wananiita." Akanituma niende Kajiado nimwambie baba, kwa sababu yeye akishika simu sauti haitoki.

Nikaenda na ujumbe huo kifuani. Nikamkuta baba ana shida zake. Mchungaji alikuwa ameenda kwao kwenye sherehe, goti la baba limevimba, na ng'ombe hawajanywa tangu jana yake. Nilipowaona mbavu zao niliona niwanyweshe kwanza, nitasema nikirudi. Nikajifunga shuka, nikachukua fimbo, tukaondoka.

Hodhini kulikuwa na makundi mengi. Tulingoja sana. Zamu yetu ilipofika nilitangulia pale kwenye saruji, nikageuka, na ng'ombe wakaniangalia tu. Niliwaita kwa majina. Nilipiga makofi. Sijui kupiga mluzi, wasichana wa kwetu hawafunzwi, na ukijaribu nyanya anakupiga kofi la mdomo. Nikarudi nyuma kuwasukuma, wakatawanyika. Mzee mmoja mwenye kundi la nyuma yetu akaanza kusema kama siko tayari nimpishe. Kukosa zamu maana yake ni kurudi na ng'ombe wenye kiu kwa mzee mwenye goti, halafu nimwambie kwamba mke wake anaondoka. Machozi yalikuwa yameshafika hapa.

Ndipo nikausikia.

Ulianza vizuri, ukapanda, halafu ukakatika mwisho. Deputi, ambaye ni mzee sasa na alikuwa amelala chini kabisa, alinyanyuka. Sijawahi kumwona akinyanyuka haraka vile na ule mguu. Akatangulia, akachechemea mpaka hodhini, na wengine wote wakamfuata kwa mstari bila kusukumwa. Nikainua macho kuona ni nani aliyepiga.

Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa hodhi, shuka begani, mgongo kwangu. Nikajiambia, huyu ni kijana wa watu, labda alijifunza mluzi huo kwa kaka yangu enzi zile. Si ungejiambia hivyo pia? Nikamkaribia nimshukuru. Akanyoosha mkono wa kulia kumsogeza ndama, shuka ikateleza, na chini ya shuka kulikuwa na sweta ya kijani. Kwenye kiwiko kulikuwa na uzi mwekundu, umeshonwa vibaya, mishono mirefu na mifupi, kama anavyoshona mtoto wa shule ambaye hajui kushona. Niliijua kazi yangu.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nimejiuliza pia. Nafikiri ni kwa sababu uso wake alipogeuka haukuwa na kitu chochote cha kuogopesha. Alikuwa na lile jino, na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mtu aliyekuwa amenifundisha kuendesha baiskeli na kunifichia viazi nisivyopenda. Ningemkimbiaje?

Akasema, "Niaje, sista. Umenipita."

Na kweli nilikuwa nimempita. Aliniacha nikimfika begani, na sasa alikuwa ananiangalia akiinua macho kidogo. Hata umri nilikuwa nimempita, mimi mdogo wake. Yeye alibaki pale kwenye kumi na saba.

Akawaangalia ng'ombe wakinywa, halafu akauliza bila kunitazama. Alimwita mama mathe, kama vijana wote wa Kitengela.

"Mathe anaitwa nani siku hizi?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, miaka yote ile, na hilo ndilo swali alilokuja nalo. Nikamwambia, "Anaitwa kwa jina langu."

"Na anaitika?"

"Haitiki."

Hakucheka. Saruni aliyecheka kila kitu, hapo hakucheka. Alishika kile kiwiko akakikuna kidogo kwenye uzi, akasema ng'ombe wamekunywa, twende nyumbani.

Tukaenda. Yeye mbele na Deputi, mimi nyuma na ndama, kama tulivyotembea likizo zote za utoto wetu. Niamini, nilisahau kwamba amekufa. Sisemi hivyo kwa mapambo. Kichwa kilisahau kabisa, nikaanza kumpa habari. Nikamwambia rafiki yake waliyekuwa wakisuka naye mipira ya karatasi sasa ana mke na mtoto. Nikamwambia kwamba pale uwanjani walipochezea pamejengwa ghorofa. Nikamwambia napima dawa za minyoo siku nzima na wazee wananiita daktari, na hapo mabega yake yakatingishika, najua alikuwa anacheka. Nilitaka pia kumuuliza kama bado anahisi baridi asubuhi, nikaogopa jibu. Vumbi la ng'ombe lilikuwa linapanda katikati yetu na jua linapita ndani yake, na mimi nilikuwa na furaha. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tangu wakati huo.

Tulipofika kwenye ua wa miiba alisimama nje, kando ya lango. Akaniambia, "Mimi nimefika."

Baba alikuwa ametoka na kiti chake, kama kawaida yake, aangalie ng'ombe wakiingia. Deputi akaingia wa kwanza, akageuka kuangalia nyuma nani anafanya fujo. Lazima ujue kwamba tangu tumzike Saruni, Deputi alikuwa anaingia wa mwisho kila siku, ameinamisha kichwa. Baba akasimama, na goti lile lile. Akaniuliza kwa sauti ya chini nani amewaleta ng'ombe.

Nikageuka. Saruni alikuwa bado pale kando ya lango. Alikuwa ameinamisha kichwa, vile tunavyofanya kumsalimia mzazi, anangoja kiganja. Na macho ya baba yalimpita yakaenda njiani, yakarudi, yakampita tena. Hakumwona. Mimi namwona, baba hamwoni, na jina ambalo lingemwonyesha lilikuwa limekatazwa kwa kinywa cha baba mwenyewe. Je, ungefanya nini?

Nikamwuliza kama amesikia mluzi. Akasema ameusikia tangu kule hodhini, na amekuwa amekaa hapo anatetemeka. Basi nikaona hakuna saa nyingine. Nikamwambia ujumbe wa mama wote, mfuko, Machakos, mwisho wa mwezi. Nikamwambia mama anasema kule wanamwita.

Nikafikiri atakasirika. Mimi nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba baba ni mgumu, ameshika desturi kwa sababu ni desturi. Kumbe simjui baba yangu. Alisema, na nitayakumbuka maneno haya mpaka nife:

"Nikiita, na asiitike, mimi nitafanya nini?"

Ndiyo hiyo ilikuwa sababu. Mzee mzima alikuwa anaogopa kuita mtoto wake akapata kimya. Nilimshika mkono, jambo ambalo sijawahi kufanya, nikamwambia, "Ita, baba."

Akavuta pumzi. Akaita "Saruni" kwa sauti ileile ya zamani, ya kumwita mtu aliye malishoni, sauti ndefu inayokwenda mbali.

Ng'ombe wote wakageuza vichwa. Wote, pamoja na ndama waliozaliwa baada ya yeye kufa ambao hawakuwahi kulisikia jina hilo. Wakageukia pale langoni, na baba akafuata macho yao. Sijui aliona nini. Najua tu kwamba mkono wake uliinuka wenyewe, polepole, na kiganja kikashuka na kusimama hewani, kwenye kimo kilekile cha kichwa cha kijana aliyeinama. Mimi nilikiona kiganja kikitulia kwenye nywele. Baba akamsalimia kwa Kimaasai, "Sopa," mara moja tu, akaacha mkono hapo.

Nilipopangusa macho, alikuwa ameshaondoka. Kulikuwa na lango na miiba na njia.

Baba akageuza kiganja akakiangalia. Kilikuwa na vumbi jekundu, limeshika mpaka kwenye mistari ya mkono. Akakiangalia sana. Halafu akasema, "Huyu mtoto bado haogi."

Akacheka. Akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka akakaa chini kwenye mavi ya ng'ombe, mzee wangu, na mimi nikakaa hapo kando yake nikafanya vivyo hivyo. Tulilia kwa sauti. Siku ya mazishi hatukulia vile.

Baadaye akaniomba nimpigie mama simu. Nikaiweka sauti kubwa, nikampa. Mama akapokea, akanyamaza, kama anavyofanya. Baba akasema, "Mama Saruni."

Nilisikia televisheni ya jirani kule Noonkopir, nikasikia mtu akipita na mkokoteni. Halafu mama akauliza, sauti imekwaruza kama ya mtu aliyelala muda mrefu, nani amemwambia amwite hivyo.

Baba akamjibu, "Mwenyewe."

Mama hakuuliza mwenyewe nani. Aliitika. Alisema, "Eeh, Baba Saruni," na nikamwona baba akifumba macho, kwa sababu naye hakuwa ameitwa miaka yote hiyo, na hakuna kati yetu aliyekuwa amekumbuka kumhurumia.

Kesho yake mama alikuwa Kajiado kabla chai haijaiva. Ule mfuko wa nguo alikuja nao, lakini aliufungulia pale bomani. Waliketi na baba nyuma ya boma tangu asubuhi mpaka kivuli kikazunguka upande wa pili. Sikuwasogelea. Nilisikia tu jina likitajwa, mara kwa baba, mara kwa mama, na mara moja nikasikia mama akicheka habari ya Deputi, maana nafikiri siku hiyo ndiyo baba alijua alikuwa ameheshimu jina la nani. Siku hiyohiyo yule mzee wa hodhini alipita akamwuliza baba ni kijana gani aliyenipigia mluzi, kwa sababu yeye alisikia ila hakuona mtu. Baba akamwambia, "Ni wa kwangu."

Sasa kilichobaki. Mimi sijawahi kumwona tena, na nimeenda hodhini mara nyingi, nakiri ninaenda hata kusipokuwa na haja. Mluzi pia sijausikia. Lakini ng'ombe wa baba hawaendi kunywa mpaka uwaitie jina lake. Mchungaji mpya tulimwambia, akafikiri tunamtania, akasimama pale na fimbo mpaka akaona aibu, akaita. Siku hizi anaita bila kuambiwa. Baba kiganja kile hakukiosha mpaka asubuhi, akala ugali kwa kijiko, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Mimi nimebaki na tabia ya kushona kila kitu kwa uzi mwekundu. Fundi wa nguo karibu na kazini ananiuliza kama ni dhehebu.

Onyo langu ni dogo. Kama jina la mtu wako limezikwa naye na mioyo imetulia, liache, sikufundishi nyumba yako. Lakini kama kuna mama ambaye siku hizi haitiki, usikimbilie kumpima masikio. Na ikitokea jioni moja umesimama hodhini upande wa kwetu, ukamwona kijana mwenye vumbi na kiwiko chekundu, usimkimbie na usimrushie mawe. Atakuuliza mama yako anaitwa nani siku hizi. Uwe na jibu.

Na kama bado unafikiri ni dawa ya kupe, njoo Noonkopir jioni, uulize kibanda ambacho sukuma inakatwa nyembamba. Utamkuta mwanamke amekupa mgongo, kisu kinakwenda mbio. Usimwite mama mboga. Mwite Mama Saruni, uone atakavyogeuka.